Rapu ya Siasa ya Hispania na Muziki wa Kibaski: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Kuna rafiki yangu aliniomba "nyimbo za wale Wahispania wako". Nikamtumia nyimbo arobaini kwa mkupuo mmoja. Alifika ya tatu akarudi kwenye singeli yake, na wala sikumlaumu. Tangu siku ile natoa wimbo mmoja na kisa chake. Akirudi mtu kuuliza zaidi, ndipo naongeza.

Nianze na wimbo gani?

"Sarri, Sarri" wa Kortatu, 1985. Kwanza sikia kisa.

Tarehe 7 Julai 1985 mwimbaji Imanol Larzabal aliwatumbuiza wafungwa wa gereza la Martutene, San Sebastián. Onyesho likaisha, nyaya zikakunjwa, maspika yakapakiwa kwenye gari, gari likapita getini. Ndani ya maspika walijikunja wafungwa wawili wa ETA, kundi la silaha lililotaka nchi huru ya Wabaski: Joseba Sarrionandia na Iñaki Pikabea. Sarrionandia alikuwa mshairi. Aliishi mafichoni miaka mingi akiendelea kuchapisha vitabu, hata mwaka 2011 akashinda tuzo ya fasihi ya serikali ya jimbo la Wabaski bila mtu kujua alipo. Baadaye ikajulikana yuko Cuba.

Kortatu, vijana wa Irun, mji ulio mpakani na Ufaransa, hawakusubiri. Mwaka uleule walichukua "Chatty Chatty" ya Toots and the Maytals wa Jamaika, wakaikimbiza kwa kasi ya panki, wakaweka maneno ya Kibaski. Neno *sarri* kwa Kibaski ni "mara kwa mara", na papo hapo ni kifupi cha jina la mtoro. Mpaka leo wimbo huu ukipigwa kwenye sherehe za vijijini kule, watu huruka, wakiwemo ambao mwaka 1985 hata wazazi wao walikuwa shule ya msingi.

Ukiusikiliza ukaona ni kelele tupu, usilazimishe. Ruka hadi swali la Laboa hapo chini.

Mbona unaweka rapu ya Kihispania na muziki wa Kibaski kapu moja? Si ni nchi moja?

Pasipoti ni moja, lugha ni mbili. Nchi ya Wabaski, wenyewe huiita Euskal Herria, imekaa pande zote mbili za milima ya Pirenei: mikoa minne upande wa Hispania, ukihesabu Navarra, na mitatu upande wa Ufaransa. Kapu ni moja kwa sababu anayeingilia mlango mmoja hutokea mwingine: marapa wa Madrid na Valencia wamekulia kwenye panki ya Wabaski, na Wabaski nao walikuwa miongoni mwa wa kwanza upande ule wa dunia kuingiza rapu kwenye roki.

Ila siasa yake inakaa mahali tofauti. Rapa wa Kihispania ni wa siasa kwa anachosema. Mbaski anaweza kuimba kuhusu ndege na bado akawa amefanya siasa, kwa sababu chini ya dikteta Franco, kuanzia 1939 hadi kifo chake 1975, lugha yake ilifukuzwa shuleni, ofisini na hadharani. Kuna watoto walioadhibiwa kwa kusema neno la nyumbani darasani. Msomaji aliyewahi kuvalishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama anajua ninachosema.

Sijui neno hata moja la lugha hizo. Nitafaidi nini?

Utafaidi kuliko unavyodhani. Kihispania na Kibaski vyote vina irabu tano, a e i o u, na zinatamkwa kama zetu. Mwingereza huhangaika hapo, wewe unapita. Kwa Kihispania *j* ni kh ya "khalas", na *z* ya Madrid ni th ya "thelathini". Kwa Kibaski *tx* ni ch, *x* ni sh, na *z* inasikika kama s. Kwa hiyo *txoria*, ndege, ni "choria", na salamu yao *kaixo* ni "kaisho".

Halafu kuna jambo lililonifanya niipende lugha hii kabla ya nyimbo zake. Kibaski hakina undugu na Kihispania, wala na lugha nyingine yoyote iliyo hai. Wataalamu wametafuta ndugu zake wamechoka. Lakini jinsi kinavyounganisha maneno, Mswahili hashangai. *Etxe* ni nyumba. *Etxean* ni nyumbani. *Etxera* ni kwenda nyumbani, *etxetik* ni kutoka nyumbani. Ile *-n* yao inafanya kazi ya *-ni* yetu. Na *eman dizut* ni "nimekupa": ndani ya *dizut* peke yake wamo mtoaji, mpewaji na kitu chenyewe. Mzungumzaji wa Kihispania anayejifunza Kibaski hulia machozi hapo. Sisi tunatamka "nimekupa" kila siku bila hata kukunja uso.

Huyo Laboa ni nani?

Mikel Laboa (1934–2008), wa San Sebastián, daktari wa akili wa watoto ambaye jioni alikuwa mwanamuziki. Katikati ya miaka ya 1960 yeye na wenzake, Benito Lertxundi, Xabier Lete, Lourdes Iriondo na wengine, waliunda kundi la Ez Dok Amairu, lililodumu hadi 1972. Jina lilitoka kwa mchongaji sanamu Jorge Oteiza, naye akalitoa kwenye ngano ya kale. Maana yake "hakuna kumi na tatu": nuksi imekatwa. Walizunguka wakiimba kwa lugha iliyobanwa huku mtu wa udhibiti akipitia kila mstari.

Wimbo wa kuanzia ni "Txoria txori". Shairi ni la Joxean Artze, na inasimuliwa kwamba Laboa alilikuta limechapwa kwenye kitambaa cha karatasi mgahawani, akaenda nalo nyumbani kulitungia muziki. Anayeimba anasema kwamba angemkata ndege mbawa, ndege asingeondoka, ila asingekuwa ndege tena. Basi. Hakuna jina la mtawala wala bendera, ila kila mtu chini ya Franco alijua kinachozungumzwa. Sisi tuliolelewa na taarabu hatuhitaji kufundishwa mafumbo.

Nilimpigia shangazi yangu wimbo huu jikoni, akiwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Aliacha kukuna, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Huyu baba anambembeleza nani?" Nilipomweleza alisema ndege wa namna hiyo hata ukimkata mbawa ataondoka kwa miguu.

Ukipenda sauti hii, endelea na Ruper Ordorika wa Oñati, ambaye albamu yake ya 1980, *Hautsi da anphora*, imejengwa juu ya mashairi ya Bernardo Atxaga. Halafu Anari, sauti nzito ya mwanamke wa Azkoitia. Msikilize usiku.

Je, kusikiliza muziki huu ni kuunga mkono ETA?

Hapana, lakini swali ni la haki na majibu ya mkato hayalitoshi.

ETA iliua watu zaidi ya 800. Wengi walikuwa polisi na wanajeshi, lakini walikuwamo madiwani, waandishi wa habari, na wateja wa duka kubwa la Barcelona mwaka 1987. Upande wa pili kulikuwa na mateso kwenye vituo vya polisi, na GAL, vikosi vya siri vilivyoua watu 27 kati ya 1983 na 1987. Waziri wa zamani wa mambo ya ndani wa Hispania alihukumiwa jela kwa kuhusika na utekaji uliofanywa na vikosi hivyo. ETA ilitangaza kuacha mashambulizi Oktoba 2011 na kujivunja 2018. Muziki wa miaka hiyo umetoka humo humo, na baadhi ya wanamuziki walifumba jicho moja. Hili nalisema wazi kwa kila ninayempa nyimbo hizi.

Ila rudi kwa Imanol, yule ambaye maspika yake yalitoa watu jela. Mwaka 1986 ETA ilimuua Yoyes, mwanamke aliyewahi kuwa kiongozi wao akaamua kuacha, ikamuua mbele ya mtoto wake mdogo huko Ordizia. Imanol alikubali kuimba kwenye kumbukumbu yake. Kuanzia hapo akawa msaliti: vitisho, matusi ukutani, milango ya maonyesho kufungwa. Mwaka 2000 aliihama nchi aliyoiimba maisha yake yote, na alifariki 2004 akiwa mbali nayo. Ukicheza "Sarri, Sarri", tafuta na wimbo mmoja wa Imanol uucheze baada yake. Mimi hufanya hivyo kila mara, na ladha ya ule wa kwanza hubadilika.

Kuna rapu ya Kibaski yenyewe?

Ipo, na mlango wake ni Negu Gorriak. Kortatu walipovunjika 1988, ndugu wawili, Fermin na Iñigo Muguruza, walijipanga upya na Kaki Arkarazo. Fermin alikuwa amejifunza Kibaski ukubwani, na kundi jipya halikuimba kwa lugha nyingine. Albamu ya kwanza ilitoka 1990: gitaa nzito, rapu, na masikio yaliyoelekezwa kwa Public Enemy, marapa wa Marekani. Onyesho lao la kwanza walilifanya mwishoni mwa mwaka huo mbele ya gereza la Herrera de la Mancha, mamia ya kilomita kusini mwa nyumbani kwao, walikofungwa wafungwa wengi wa Kibaski.

Wimbo uliowaponza unaitwa "Ustelkeria", yaani uozo. Uliwataja askari wa Guardia Civil, polisi wa kijeshi wa Hispania, katika biashara ya dawa za kulevya, na kamanda wao wa San Sebastián, Enrique Rodríguez Galindo, akawashtaki akidai heshima yake. Wakatakiwa walipe peseta milioni 15. Kesi ilikokotwa miaka, kundi likavunjika 1996 kesi bado ipo. Mwisho Mahakama ya Juu iliwapa ushindi wao, na 2001 walirudi jukwaani kwa maonyesho machache ya kusherehekea. Galindo naye? Mwaka 2000 alihukumiwa miaka 71 kwa utekaji na mauaji ya vijana wawili wa Kibaski, Lasa na Zabala, waliotoweka 1983.

Fermin peke yake aliendelea hadi Kingston, kwenye studio ya Tuff Gong, akarekodi *Euskal Herria Jamaika Clash* (2006). Wapenzi wa rege, anzieni hapo.

Na panki? Nimesikia habari za "Rock Radical Vasco".

Maana yake "roki kali ya Wabaski". Ni jina la miaka ya 1980, na bendi nyingi hazikulipenda. Viwanda vya chuma na meli vya mto wa Bilbao vilikuwa vinafungwa, vijana hawana kazi, heroini imejaa mitaani. La Polla Records kutoka Salvatierra, na mwimbaji wao Evaristo, waliwacheka mapadri, wanasiasa na mabenki kwa Kihispania kinachoeleweka hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hertzainak wa Vitoria waliimba kwa Kibaski. Eskorbuto wa Santurtzi waligombana na kila mtu, wazalendo wa Kibaski wakiwemo. Wawili kati ya watatu walifariki mwaka mmoja, 1992. Dawa na UKIMWI viliwafagia wengi wa kizazi kile. Picha za bendi za wakati huo ukizitazama, unaanza kuhesabu waliobaki.

Haya, rapu ya Kihispania sasa. Nani wa kwanza?

Gata Cattana. Najua wengi wangeanza na wanaume wenye hasira, lakini mimi namweka huyu mbele na sibadili. Ana Isabel García Llorente alizaliwa 1991, akakulia Adamuz, kijiji cha mizeituni mkoa wa Córdoba, akasoma sayansi ya siasa Granada. Lafudhi yake ni ya Andalusia, ile inayomeza herufi za mwisho na ambayo runinga za Madrid huigiza kumchekesha mtu. Yeye aliibeba kama bendera. Kwenye mistari yake miungu ya Kigiriki wanakaa na bibi zake wa kijijini, na wanawake ndio wanaosimulia historia. Sikiliza "Lisístrata". Alifariki ghafla Machi 2017, miaka 25 tu, na albamu yake *Banzai* ikatoka baada ya kifo chake.

Wa pili ni Los Chikos del Maíz wa Valencia, Nega na Toni el Sucio. Hawa ni Wamarx wa waziwazi, lakini wanacheka, na wanataja filamu kama watu wanaolala ukumbini. *Pasión de talibanes* ilitoka 2011, mwaka uleule vijana walipojaa viwanja vya Hispania kupinga ukosefu wa kazi na kubana matumizi. Wakati mwingine wanahubiri mno. Ruka wimbo, endelea.

Mala Rodríguez hajiiti rapa wa siasa, lakini *Lujo ibérico* ya 2000 iliweka mwanamke maskini wa Kusini katikati ya meza. Usimwache.

Kuna Waafrika humo?

Wapo tangu mwanzo. Frank T, mmoja wa waliojenga rapu ya Madrid, alizaliwa Kinshasa mwaka 1973 na kukulia Hispania. El Chojin, wa Torrejón de Ardoz, baba yake ni wa Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika inayozungumza Kihispania na ambayo Wahispania wengi huisahau. Torrejón si bahati nasibu: palikuwa na kambi ya jeshi la anga la Marekani, na askari weusi walikuja na santuri zao. "Cara sucia" ya El Chojin, kuhusu ubaguzi wa rangi, inaeleweka hata kwa anayeanza lugha, maana anatamka kila silabi.

Ni kweli kuna marapa wamefungwa kwa sababu ya nyimbo?

Kweli. Sheria mbili ndizo hutumika: ya kutukuza ugaidi na ya kukashifu ufalme. Pablo Hasél wa Lleida alikamatwa Februari 2021 akiwa amejifungia ndani ya chuo kikuu cha mji wake, kutumikia miezi tisa kwa twiti na wimbo kuhusu mfalme. Barcelona na miji mingine iliwaka maandamano usiku baada ya usiku. Watu maarufu waliomtetea, mwongozaji filamu Almodóvar na mwigizaji Bardem wakiwemo, hawakuwa wanatetea kila alichosema. Mistari yake mingine inasifu watu wenye bunduki, na mimi simpi msikilizaji mpya.

Kisa cha Valtònyc wa Mallorca ndicho hunichekesha. Alihukumiwa miaka mitatu na nusu, mwaka 2018 akakimbilia Ubelgiji. Hispania ikaomba arudishwe. Mahakimu wa Ubelgiji walipoitazama sheria yao wenyewe ya kumkashifu mfalme, ya mwaka 1847, kesi ikafika Mahakama yao ya Katiba, nayo mwaka 2021 ikaitupa sheria hiyo kwa kupingana na uhuru wa kusema. Rapa wa Mallorca, kwa kukimbia tu, akawaondolea Wabelgiji sheria ya karne ya kumi na tisa. Alirudi nyumbani 2023.

Bertso ni nini? Naliona neno hili kila mahali.

Hapa washairi wetu wasogee karibu. *Bertsolari* ni mtu anayetunga na kuimba shairi papo hapo mbele ya watu, bila ala. Msimamizi anatoa mada, mathalani "wewe ni mama umefungua mlango, mwanao yuko nje na begi". Bertsolari anatazama sakafu sekunde chache, anachagua tuni ya zamani, anaanza. Mizani imefungwa: *zortziko txikia* inakwenda silabi saba kwa sita, *zortziko handia* kumi kwa nane, na kina kimoja hadi mwisho. Siri yao ni kwamba hutunga mstari wa mwisho kwanza, kisha hutafuta njia ya kuufikia. Hadhira inajua hilo, kwa hiyo akikaribia, ukumbi mzima hukibashiri kina na kumalizia naye kwa sauti moja.

Fainali kuu ni kama kila miaka minne. Mwaka 2009, Barakaldo, watu zaidi ya 14,000 walikaa siku nzima kusikiliza mashairi, na Maialen Lujanbio akawa mwanamke wa kwanza kuvishwa *txapela*, ile kofia bapa ya ushindi. Akashinda tena 2017 na 2022. Mtu anayewajua Muyaka wa Mombasa na malumbano ya washairi wa Lamu hataona jambo geni, ila atashangaa idadi ya viti.

Berri Txarrak bado wapo?

Hapana. Bendi hii ya roki ya Kibaski iliaga Pamplona Novemba 2019 baada ya miaka 25. Anza na *Jaio.Musika.Hil* (2005). Mwimbaji wao, Gorka Urbizu, sasa anaimba peke yake, kwa utulivu zaidi.

Naweza kuwapigia watoto?

Laboa ndiyo. La Polla Records subiri kidogo, hasa kama kuna jirani anayejua Kihispania.

Nitapataje maana ya maneno?

Andika jina la wimbo, ongeza *letra* kwa Kihispania au *hitzak* kwa Kibaski. Nyimbo nyingi za Kibaski zina tafsiri ya Kihispania iliyowekwa na mashabiki, na programu za kutafsiri huenda vizuri zaidi kutoka hapo kuliko moja kwa moja kutoka Kibaski. Ukiona tafsiri inasema *sarri* ni jina la mtu tu, tafuta nyingine.